Kapu la Mwalimu Mlango

Ukimuuliza mtu yeyote pale chekechea jina lake halisi, atakuna kichwa kwanza. Kwa watoto alikuwa Mwalimu Mlango, na kwa wazazi wao vilevile, maana baadhi ya wazazi hao aliwapokea mlangoni hapohapo wakiwa na makamasi, na leo wanamletea makamasi ya watoto wao. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye mlango wa darasa la wadogo, bega la kushoto limeegemea fremu, mpaka rangi ikalika na kuacha alama ya bega. Mwaka mmoja aliletwa fundi apake upya. Akamwambia fundi asijisumbue na sehemu ile, kwani alama itarudi palepale.

Alikuwa mwanamke wa kushuku, tusifichane. Akinunua nyanya alizigeuza zote chini juu, hata zile alizopewa bure. Akisalimiwa kwa uchangamfu na mtu asiyemjua sana, aliitikia salamu kisha akashika mkoba wake. Mumewe, fundi redio mstaafu ambaye bado alikuwa akifungua redio za watu mezani pa kulia chakula, alikuwa akisema kwamba mke wake hata kivuli chake hukiomba kitambulisho. Naye humjibu kwamba kivuli chenyewe jioni huwa kirefu kuliko mwenye kivuli, kwa nini kisiulizwe.

Sasa, msidhani kazi ya mlangoni ni kusimama tu. Wiki ya kwanza ya muhula huletwa watoto wa miaka mitatu, minne, ambao hawajawahi kuachana na mama zao hata mama akienda kuoga. Wanakabidhiwa kwa mtu wasiyemjua, mlango unafungwa. Hapo utaona mambo. Mtoto anang'ata, anarusha kiatu, anaganda kwenye mguu wa baba kama kupe. Kuna walimu hutumia pipi, na kuna wanaotumia uongo: mama yuko nje hapo, anakuja sasa hivi. Mwalimu Mlango hakutumia pipi wala uongo. Yeye alikuwa na kapu.

Lilikuwa kapu pana la kusukwa, mkono mmoja umekatika. Kila mzazi, kabla hajageuza mgongo, alitakiwa kuacha humo kitu chake. Si kitu chochote tu. Kiwe kitu anachokitumia kila siku, ambacho mtoto anajua fika kwamba mzazi wake hawezi kulala bila kukifuata: kilemba, kofia, mkufu, miwani ya kusomea. Baba mmoja alitoa kalamu iliyokauka wino. Mwalimu Mlango akaigeuza, akamrudishia, akamwambia kwamba hiyo hata yeye asingeirudia. Yule baba akavua mkanda, na inasemekana alishinda kazini ameshikilia suruali.

Kisha mtoto anaonyeshwa. Miaka yote maneno yalikuwa yaleyale: "Karibu, mwanangu. Tuone mama ameacha nini." Kanuni ilikuwa moja tu, kwamba kilichomo kapuni hakiguswi na mtu ila aliyekiacha. Mtoto anaweza kuja kukitazama mara mia, akarudi kucheza, akaja tena. Jioni mama anaingia, anachukua kitu chake mbele ya macho ya mtoto, na hesabu yao ya siku inafungwa.

Ukisikiliza vizuri, utaona hakumwambia mtoto kwamba mama atarudi. Alikuwa na sababu. Chini kabisa ya kapu lile kulilala kitana cha plastiki chenye meno mawili yaliyovunjika, na kilikuwa kimelala hapo miaka kumi na tisa. Mwenye kitana aligongwa na gari akiwa njiani kuja kumchukua mwanawe, na jioni ile akaja shangazi. Tangu siku hiyo Mwalimu Mlango hakumwahidi mtoto jambo asiloweza kumwonyesha.

Basi, mwezi mmoja kabla ya muhula mpya, Mkuu wa shule akaingia darasani na binti mmoja mwembamba, mkoba mgongoni na daftari jekundu mkononi. Akamtambulisha kuwa ni msanifu wa michezo ya watoto, ile inayochezwa kwenye vishikwambi, vile vibao vya kioo vya kugusa kwa kidole. Alikuja kutengeneza mchezo wa kuwasaidia watoto wapya kuzoea shule kabla hawajafika. Wangekaa nao nyumbani wiki mbili, wacheze na sungura mdogo anayekwenda chekechea, na siku ya kufungua waje wanaijua ndoano ya mikoba, wanalijua sinki, wanalijua zulia. Mwalimu Mlango alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: huyo sungura atafuta na makamasi? Mkuu alicheka. Binti hakucheka. Aliandika.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Yule binti aliandika kila kitu. Mwalimu Mlango akikohoa, kaandika. Akimfunga mtoto kamba za viatu, kaandika. Alipima mlango kwa futi, akarekodi mlio wa bawaba, akapiga picha sinki na kigoda chake. Na ukimsogelea, kiganja kinafunika ukurasa. Wiki haijaisha, watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina, Dada Daftari, na Mwalimu Mlango alikuwa amekwisha kuamua kwamba mtu anayefunika anachoandika anaandika habari za mtu.

Dalili zikazidi. Mpishi wa shule, ambaye habari zote hupita kwake kabla hazijamfikia Mkuu mwenyewe, alimnong'oneza kwamba stoo imefagiliwa, rafu zimepanguswa, na kimewekwa kiti kipya chenye mto. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwalimu Mlango alizunguka nyuma ya jengo, akasimama kwa ncha za vidole, akachungulia dirishani. Kiti kilikuwapo kweli, na mto wake wa maua, kimetazamana na maboksi ya chaki. Nani aliyewahi kuliwekea boksi la chaki mlinzi wa kukaa kwenye mto?

Hakuwa mtu wa kumeza kitu kikamkwama. Alikwenda ofisini akauliza. Mkuu akamkaribisha kwa upole, na upole wa Mkuu ndio uliomtisha zaidi. Akasema magoti ya Mwalimu si ya jana, kusimama kutwa ni kazi ya vijana, na stoo inahitaji mtu mwaminifu. Hakuna lililoamuliwa. Wangetazama mwezi wa kwanza wa muhula: mchezo ukiwatuliza watoto, mlango utaweza kukaa na mwalimu mmoja tu, yule kijana anayewafundisha wadogo darasani. Mchezo usipofanya kazi, mambo yatabaki kama yalivyo.

Usiku ule mumewe aliuliza, bila ubaya wowote, kwani kiti chenye mto kina kosa gani. Alikosea kuuliza. Mwalimu Mlango alimwambia kwamba miaka ishirini na sita hakuna mtoto aliyeingia darasa lile bila kupita mkononi mwake, na kwamba chaki hazilii, hazishiki mtu mguu, na hazikui zikarudi siku moja na watoto wao. Mzee alirudi kwenye redio yake.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kufungua, vishikwambi vilikuwa vimekwisha kuazimwa kwa familia. Kimoja cha akiba kilibaki kabatini. Mwalimu Mlango alingoja watu wote waondoke, akafunga mlango, akavaa miwani, akakiwasha mwenyewe. Alitaka kumjua adui yake.

Na tuseme kweli, mchezo ulikuwa mzuri. Mama Sungura anampungia mwanawe mkono, mlango unalia kwa mlio uleule wa bawaba yao. Sungura mdogo ananing'iniza mkoba, ananawa, anachora, analala kidogo mkekani. Mwalimu Mlango alijikuta akimnawisha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuridhika nayo. Halafu, mwishoni, kikatokea kitufe kikubwa cha njano. Akakibonyeza. Mara Mama Sungura huyo, mikono wazi, na muziki juu. Akabonyeza tena. Mama akaja tena. Akabonyeza mara ya tatu, na Mama Sungura akaja mbio vilevile, kana kwamba hana kazi duniani ila kungoja kidole cha mtu.

Mwalimu Mlango akavua miwani. Aliliona kosa lote palepale. Mtoto wa miaka mitatu, ukimfundisha wiki mbili kwamba mama huja kwa kubonyezwa, ataamini kidole chake. Na ukutani mwa shule hakuna kitufe cha mama.

Namba ya simu ya Dada Daftari ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa kabati, kubwa, kwa kalamu nyekundu. Aliitazama. Angeweza kupiga simu. Lakini akilini kikamjia kile kiti na mto wake wa maua. Akarudisha kishikwambi mahali pake, akafunga kabati. Waache waone, akajisemea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huu yeye aliungoja kwa hamu.

Jumatatu watoto walifika ishirini na wawili. Kapu lilikuwa juu ya kabati kwa amri ya Mkuu, ati lipumzike wakati wa majaribio. Na wale watoto hawakulia. Walipunga mikono kama sungura, wakaingia wenyewe, kila mmoja akatafuta ndoano yenye picha yake. Wazazi walitazamana, hawaamini macho yao. Mkuu alisimama uani amekunja mikono, uso umemjaa tabasamu. Na Mwalimu Mlango alibaki mlangoni mikono mitupu, hakuna hata mmoja aliyemshika mguu. Aliumia. Kuona watoto hawalii, mwalimu wa wadogo aliumia, na alijionea aibu kwa kuumia.

Waliningʼiniza mikoba. Wakanawa. Wakachora. Saa nne wakalala kidogo mikekani, kama mchezo ulivyowafundisha. Kisha wakaamka, na mtoto mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, ambaye mama yake alikuwa mfuaji nguo wa hospitali, akatembea moja kwa moja hadi ukutani karibu na mlango. Pale palikuwa na swichi ya taa, ambayo zamani ilikuwa nyeupe na kwa uzee na vidole vya watu ikageuka njano. Akainyoosha mikono, akajiinua kwa vidole vya miguu, akaibonyeza. Akautazama mlango.

Akaja wa pili, akabonyeza. Akaja wa tatu. Punde ikawa foleni, imenyooka vizuri kabisa, maana na foleni walifundishwa na sungura. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika, na mlango haukufunguka. Aliyeanza kulia ni mvulana mmoja bonge, na baada yake darasa zima likalipuka. Mwalimu Mlango alikijua kilio cha siku ya kwanza kama anavyolijua jiko lake; ni kilio cha kuomba. Hiki hakikuwa hicho. Hiki kilikuwa cha mtu aliyedanganywa.

Kwa muda wa kupepesa macho mara mbili tatu, moyo wake ulifurahi. Alimwona Dada Daftari pembeni, kalamu imesimama. Alimwona Mkuu akikimbilia pipi. Utamu huo aliupata, hakuna wa kumnyang'anya. Kisha akainama akaanza kazi, huyu mgongoni, wale wawili mapajani, mwingine anapewa sponji la kufuta ubao, na kufika saa sita waliokuwa hawajachukuliwa na wazazi walikuwa wametulia.

Ndipo alipomwona yule mdogo. Hakuwa amelia hata kidogo, ndiyo maana hakuna aliyemtazama. Alikuwa ameigeuza ndoo ya midoli, amepanda juu yake, na bado alikuwa pale kwenye swichi. Alibonyeza polepole, akautazama mlango, akangoja, akabonyeza. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa imevimba na ngozi imechubuka. Mwalimu Mlango akamshika mkono, akamuuliza anafanya nini, mwanangu.

"Bado sijabonyeza vizuri," mtoto akasema.

Nakwambia, Mwalimu Mlango alikaa chini, pale pale sakafuni. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ule msemo aliwahi kuutumia mara nyingi kwa ajili ya wazazi waliogombana, akiwa hana habari kwamba siku moja tembo atakuwa yeye. Alimfunga mtoto kidole kwa kitambaa. Kesho yake wenzake walipokiona kitambaa wakamwita Kidole, na jina likamganda.

Nyumbani chakula hakikupita. Alimsimulia mumewe kila kitu, hata ile sehemu ya kabati na namba ya simu. Alingoja utani. Mzee aliweka bisibisi chini, akasema kwamba fundi akiona waya umelegea akanyamaza, redio ikiungua asimtafute aliyeiwasha.

Jumanne alimkuta Dada Daftari peke yake kwenye sinki dogo, anasugua vikombe vya rangi ambavyo havikuwa vichafu. Macho yalikuwa mekundu. Alimsalimia shikamoo kwa sauti ya chini, akaanza kuomba radhi. Mwalimu Mlango akamkatiza.

"Mimi nililiona," alisema. "Ijumaa. Niliucheza mchezo wako hadi mwisho, nikaliona kosa, na namba yako ilikuwa mbele ya macho yangu. Nikanyamaza makusudi."

Binti aliweka kikombe chini, maji ya bomba yanatiririka tu. Kisha akasema, "Mama, mimi kuniacha nitumbukie, sawa. Hunijui, hunidai wema. Lakini watoto?"

Mwalimu Mlango hakutafuta jibu la uongo. Akanyoosha mkono akafunga bomba.

Siku ile baada ya watoto kuondoka waliketi wawili kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, kishikwambi katikati. Kapu lilishushwa kutoka juu ya kabati. Mkuu aliliona na safari hii akapita zake. Mwalimu Mlango alieleza kazi yake tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza maishani, kwa mtu aliyeandika. Alieleza kwa nini kalamu kavu haikubaliki. Akakitoa kitana cha chini, akaeleza na hicho, na hapo binti akaacha kuandika mwenyewe bila kuambiwa. Wakakubaliana kwamba kitufe cha njano kiondoke. Mama Sungura ataacha kilemba kapuni, na sungura mdogo ataweza kukitazama kila akitaka, lakini hakuna kidole cha mtoto kitakachomleta mama. Mama wa kweli, akifika jioni, ndiye atakayekigusa kilemba hicho kwenye kioo kwa kidole chake, na hapo ndipo mchezo utakapoisha.

Kilibaki kitu kimoja. Binti alitaka yale maneno ya mlangoni yasemwe na Mwalimu Mlango mwenyewe. Alitaka sauti yake iwe ndani ya mchezo.

Mashaka yake yakaamka upya. Ahaa, akawaza, kumbe ndipo tulipokuwa tunakuja. Mlango wamekwisha kuupima, bawaba wameirekodi, kapu nimewapa kwa mdomo wangu. Wakishachukua na sauti, mimi nibaki wa nini? Alitaka kukataa. Lakini alikikumbuka kile kidole kilichochubuka, akasema atatoa, kwa sharti moja: na binti aache kitu kapuni mpaka atakaporudi na mchezo uliotengenezwa. Dada Daftari akavua bangili. Mwalimu Mlango akaitazama kama alivyoitazama ile kalamu kavu, akatikisa kichwa. Macho yake yakaenda kwenye daftari jekundu.

Binti alilikumbatia kidogo, kisha akalilaza kapuni, kando ya kile kitana. Akasema atarudi Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi.

Hebu fikiria mateso yale. Daftari limo kapuni siku tisa, ndani yake yameandikwa yote, kila kikohozi chake, na labda na stoo na mto wake wa maua. Kulifungua ni kazi ya kidole kimoja. Lakini kilichomo kapuni hakiguswi, na kanuni ni yake mwenyewe. Alipita karibu nalo mara ishirini kwa siku. Nyumbani mumewe alimuuliza kila jioni kama amelifungua, akijibiwa hapana anacheka mpaka anakohoa.

Na hakuwa peke yake wa kushuku. Mama yake Kidole alianza kuacha kilemba chake kila asubuhi, na Kidole alikwenda akakitazama, kisha bado akaenda kwenye swichi akabonyeza mara moja, kwa tahadhari tu. Alikuwa amekwisha kuonja uongo mmoja, hakuwa na haraka ya kuonja wa pili. Mwalimu Mlango alimwelewa kuliko mtu yeyote pale, na hakumkataza.

Alhamisi ikafika, asubuhi ikapita. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, hakuna. Mwalimu Mlango alikuwa amekwisha kujiambia nilijua, nilijua, nimeliwa mchana kweupe, ndipo geti likalia na Dada Daftari akaingia mbio, jasho linamtoka, begi la vishikwambi begani. Alikwenda moja kwa moja kapuni akachukua daftari lake. Akauliza, kwa wasiwasi, kama Mwalimu amelisoma. Mwalimu Mlango akamwambia kilichomo kapuni hakiguswi. Binti akashusha pumzi.

"Lakini sasa limetoka kapuni," Mwalimu Mlango akaongeza. "Kaa hapo. Anza ukurasa wa kwanza."

Ikabidi asome. Hakukuwa na stoo wala mto. Kulikuwa na michoro ya mikono yake akifunga viatu, na maneno yake, mengine hata hakukumbuka kuyasema, na chini ya ukurasa wa kwanza kabisa: huyu mama namwogopa. Mwalimu Mlango alikohoa, akatazama dirishani, akamwambia afunge, inatosha.

Mchezo mpya ukaenda majumbani, na ulifanya kazi. Hilo ndilo lililomtia hofu. Watoto walikuja Ijumaa wametulia, na utulivu ule ukadumu hata baada ya kulala na kuamka. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatatu. Saa ya kuondoka, wazazi wamejipanga mlangoni kuchukua vitu vyao, Mkuu akaja na ufunguo mkononi. Alisema kwa upole wake ule kwamba sauti imetoka vizuri ajabu, na wazazi wote wanaisifu. Sasa hata Mwalimu akipumzika, watoto watakuwa wanamsikia. Kuanzia kesho, stoo. Akanyoosha ufunguo.

Mwalimu Mlango aliutazama. Alichokishuku kuhusu stoo kilikuwa kweli, na kupatia huko hakukumpa raha yoyote. Bega lake la kushoto lilikuwa kwenye fremu, na alihisi ubao ule kama anauaga.

Kidole alikuwa amesimama chini yao, mkono mmoja umeshika sketi ya mama yake, ambaye alikuwa ndio kwanza anajifunga kilemba. Akauliza Mwalimu anakwenda wapi. Mkuu akainama, akamweleza vizuri kwamba Mwalimu anakwenda kupumzika, lakini asiwe na wasiwasi, sauti yake itabaki kwao, kwa sungura.

Kidole akafikiri. Alifikiri kwa muda, kama mtu anayegeuza nyanya.

"Sauti ni yake?"

"Ni yake," Mkuu akasema.

"Ameiacha kwetu?"

"Ndiyo, ameiacha kwenu."

"Basi kesho lazima aje," Kidole akasema. "Kitu chake kiko kwetu."

Mama yake aliacha kilemba nusu. Alikuwa mwanamke mpole asiyezoea kusema mbele ya wakubwa, na alisema kwa sauti ndogo, akiangalia chini, kwamba mtoto hajakosea, Mkuu, kwani yeye kesho kilemba chake atamkabidhi nani. Nyuma yake baba mmoja aliyekuwa anavaa mkanda akasema hata yeye anauliza hilohilo. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu mle alikuwa na kitu chake mkononi.

Mkuu aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaurudisha ufunguo mfukoni, akasema watazungumza. Hawakuzungumza. Kile kiti baada ya wiki mpishi alikihamishia jikoni, na mto wake wa maua.

Usiku ule Mwalimu Mlango hakumwambia mumewe alichosema yule mtoto. Alijaribu mara mbili, kila mara akaishia kufuta meza. Mzee akamwongezea chai bila kuuliza, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mkewe hakushuku kwa nini.

Asubuhi alifika kabla ya watu wote, akaegemea fremu. Kidole alikuwa wa kwanza kuletwa. Hakwenda kwenye swichi. Alisimama mbele ya Mwalimu, akamkagua kuanzia viatu hadi kichwa, kama anayetafuta kasoro.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

Kidole akaridhika, akaenda kuning'iniza mkoba wake.